Kamera yangu ilivyotengenezwa bure na kiwanda, waranti imeisha na risiti haipo

Bongo kamera ikigoma mtu wa kwanza kuulizwa ni fundi simu, wa pili fundi redio, kiwanda kilichoitengeneza hakimo hata kwenye mawazo. Na siwalaumu watu, kiwanda kiko Japani wewe uko Temeke, ile waranti uliyopewa Kariakoo ni mhuri tu umegongwa nyuma ya karatasi, na muuzaji mwenyewe kaandika ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudi. Ila mimi kamera yangu ilirudi kiwandani ikatengenezwa, bure, senti haikunitoka kwa kazi yenyewe, wakati waranti ilishakufa zamani na risiti hakuna anayejua iko wapi. Nilishawahi kumsimulia mtu mmoja akasema nimebahatika. Hapana, hapakuwa na bahati pale, kuna vitu nilivifanya na kuna kitu kimoja nilikijua, na ndicho nataka kukieleza hapa.

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo ya mkononi, megapikseli 4, shangazi yangu wa Leicester aliinunua kule 2003 akaja nayo likizo akaniachia. Jina la kampuni silitaji na kwa kweli halina umuhimu, utaona mbele. Wakati ule mafoto wengi Dar bado walikuwa na filamu, picha 36 zikiisha unafungua mgongo wa kamera kwa woga, unapeleka kusafisha, mteja anasubiri. Mimi nilikuwa napiga picha ya kipaimara namuonyesha mama mtu palepale kwenye kioo, asipojipenda tunarudia, jioni namchomea kwenye sidii. Kwa hiyo hata kama ilikuwa ndogo na mapro walikuwa wananicheka, ilikuwa inanilipia kodi ya chumba.

Sasa mwaka 2006, mwezi wa pili, na mwenye kuijua Dar mwezi wa pili anajua naongelea joto gani, niko kwenye send-off ukumbi umejaa, feni mbili tu, kioo cha kamera kikaanza kuwa cha zambarau. Sio zambarau ya kupendeza, mistari mistari imelala, watu wamevutwa kama wanayeyuka, mara giza totoro, mara inarudi kawaida. Nikaizima nikaiwasha, ikakaa sawa dakika chache ikarudia. Picha nilizopata usiku ule zilikuwa nusu nzuri nusu za mashetani. Kesho yake asubuhi mapema, kuna kaubaridi, inapiga kama haina tatizo lolote! Mchana jua likipanda, zambarau.

Fundi wa kwanza akaangalia sekunde tano akasema kioo kimekufa, kioo chake hakipo nchini, kinaagizwa Dubai, na bei aliyonitajia ilikaribia nusu ya kamera mpya. Wa pili akasema ni waya wa kioo umelegea, aniachie aifungue. Hapo ndipo nikagoma, maana kitu kimoja kilikuwa hakiniingii akilini. Kama kioo ni kibovu, mbona menyu inaonekana safi? Mbona picha za zamani zilizomo kwenye memori kadi nikizifungua kwa kioo kilekile zinang'aa vizuri tu? Na zile za zambarau nikizipeleka kwenye kompyuta ya studio bado ni zambarau. Maana yake kioo kinaonyesha kile kinacholetewa. Kinacholeta ndicho kinaumwa. Nikamwambia fundi hivyo akaniambia basi kama unajua kutengeneza tengeneza mwenyewe. Sawa.

Hiki kipimo ningependa kila mtu akishike maana ni cha bure. Fungua picha ya zamani uliyopiga kamera ikiwa nzima. Ikionekana vizuri, kioo kizima. Halafu piga mpya, itoe, iangalie kwenye kifaa kingine. Ikiwa mbovu na huko, basi tatizo liko upande wa kupokea picha, yaani sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, au njia ya kutoka kwenye sensa. Ukimaliza hapo ushamzidi nusu ya mafundi wa mjini, na zaidi ya hapo unakuwa umepata maneno ya kuandika ukienda kutafuta.

Nikaenda intaneti kafe, ile ya kulipia kwa nusu saa, nikaandika jina la modeli yangu na dalili zake, zambarau, mistari, joto. Nilitegemea nitapata mtu mmoja wawili wanaolalamika. Nikakuta tangazo la kampuni yenyewe! Limeandikwa kwa lugha ile ya baridi ya makampuni, kwamba katika baadhi ya modeli picha inaweza kupotoka au isionekane kabisa kamera ikiwa tayari kupiga, na hali hiyo hujitokeza zaidi kwenye joto na unyevu, na kwamba watatengeneza bure hata kama muda wa waranti umepita. Chini orodha ya modeli, na yangu imo. Nikasoma mara ya pili taratibu kuhakikisha sioti.

Kumbe ilikuwa ishu kubwa. Oktoba 2005 kampuni kubwa kadhaa za kamera za Japani zilitoa matangazo ya namna hiyo, moja baada ya nyingine, kwa sababu nyingi zilikuwa zinanunua sensa za aina ya CCD kutoka sehemu moja. Sensa ile ni kipande cha silikoni kimewekwa ndani ya kikasha chake, na kinaunganishwa na nje kwa vinyaya vyembamba kuliko unywele. Kwenye toleo zile vinyaya vilikuwa vinaachia pale vilipoungwa, na joto na unyevu ndivyo vilivyoharakisha. Ndio maana shangazi alikaa na kamera ileile Leicester bila shida, ikaja kufia Temeke. Yaani huu ulikuwa ugonjwa wa ukoo, kila mtoto wa tumbo lile kaubeba, ni suala la nani kakaa wapi.

Na hapa ndipo lilipo jambo langu lote. Waranti inaangalia tarehe na risiti. Tatizo ambalo kampuni imelikubali hadharani halihitaji risiti, linaangalia modeli na namba ya mashine, ile iliyochapwa kwa chini ya kamera. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wanavichanganya, mtu anaona mwaka umepita anakata tamaa anampelekea fundi wa mtaani hela. Kabla hujalipa mtu yeyote ulizia kwanza, hili tatizo ni langu peke yangu au la modeli nzima?

Nikaanza na wakala wa mjini. Ofisi nzuri, AC, dada wa mapokezi mstaarabu. Akaniambia hii kamera hukununua kwetu, ilikuja kutoka Uingereza, hatuwezi kuipokea. Nikamwonyesha tangazo nililoprinti, akalisoma akaenda nalo ndani, akarudi na jibu lilelile. Sikugombana. Mawakala wengi kazi yao ni kuuza, wana makubaliano yao na kampuni kwa bidhaa walizoingiza wao, sasa ukimgombeza dada wa mapokezi unapata nini. Nikachukua karatasi yangu nikamshukuru.

Nikampigia shangazi kwa vocha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, nani kafa?" Maana simu za kutoka nyumbani wakati ule zilikuwa hivyo.

"Hajafa mtu shangazi, ni kamera."

Akacheka mpaka vocha ikakaribia kukata. Nikamweleza haraka haraka kwamba nahitaji anwani yake, kwa sababu kituo cha matengenezo cha Uingereza kinarudisha kamera kwenye anwani ya hukohuko tu. Akakubali, akasema ila risiti nisimuulize, alishahama nyumba.

Barua niliyowaandikia nadhani ndiyo iliyofanya kazi kubwa na ilikuwa fupi. Sikuandika kwamba kamera ni mbovu nisaidieni mimi ni mtu wa hali ya chini. Niliandika modeli, namba ya mashine, nchi iliponunuliwa na mwaka, halafu dalili kwa mpangilio, picha za zamani zinaonekana sawa, mpya zinatoka zambarau na mistari, hali inazidi kwenye joto, kamera haijaanguka wala kuingia maji, haijafunguliwa na fundi yeyote. Nikaambatanisha picha mbili mbovu, na kuzipandisha pale kafe ilichukua karibu muda wangu wote niliolipia. Mwisho nikataja tangazo lao lenyewe na kuuliza kamera hii inahusika au haihusiki. Kiingereza kilikuwa cha sekondari ila swali lilikuwa moja, la kujibiwa ndiyo au hapana. Wakajibu ndiyo. Na wakasema watamtumia shangazi lebo ya posta ambayo wameshailipia.

Angalia yale maneno, haijafunguliwa na fundi yeyote. Kama ningemwachia yule wa pili aipekue waya wake, skrubu zingekuwa zimekwaruzwa, na fundi wa kiwandani akiona kwaruzo kwenye skrubu anafunga faili palepale. Hawahitaji sababu nyingine.

Shemeji alikuwa anakwenda shule kule, nikampa abebe. Nilitoa betri, nikatoa memori kadi, nikatoa na kile kikamba cha mkononi, nikaacha mwili mtupu. Vituo vya matengenezo wenyewe wanakwambia usitume vitu ambavyo havihitajiki, vikipotea hawawajibiki, na pia sioni sababu ya fundi wa Uingereza kuangalia harusi za watu wa Mbagala. Nikaikopa kamera ya rafiki nikaipiga picha kamera yangu pande zote, mikwaruzo yake yote, na namba ya chini isomeke. Halafu nikaifunga kwa nailoni ile yenye mapovu mpaka ikawa kubwa kama nazi. Shemeji akalalamika kwamba inajaza begi, nikamwambia afadhali ijae.

Ilikaa huko wiki kadhaa. Shangazi akaandika imeili imerudi na karatasi, sehemu ya sensa imebadilishwa, gharama sifuri. Nikafurahi ila sikutaka iletwe kabla haijapimwa, maana ikishavuka bahari na kufika Dar ina kasoro nani atairudisha tena. Kampuni nyingi zinaweka dhamana fupi kwa kazi ya matengenezo yenyewe, miezi michache, ukikaa nayo kimya unaipoteza. Kwa hiyo nikampa shangazi kazi. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani kwa selotepu, simama wima mbele yake, piga, halafu angalia herufi za pembeni kama zinasomeka sawa pande zote nne. Kisha piga ukuta mweupe au anga, lenzi ikiwa karibu na ikiwa imevutwa mbali. Niletee zote.

Akanipigia yeye mwenyewe safari hii. "Mwanangu, gazeti safi. Lakini ukutani kwangu kuna doa."

"Doa la ukutani au la kwenye picha?"

"Nimehama ukuta, limenifuata."

Zikaja picha na kweli, kidoa cheusi, kimekaa palepale upande wa kulia juu kwa kila picha, lenzi ikivutwa kinazidi kuonekana. Vumbi. Wakati wa kubadilisha sensa chembe imeingia ikakalia mbele yake, na kwenye kamera hizi ambazo lenzi haitoki hakuna namna ya kuifikia bila kuifungua yote. Kwenye zile kubwa za kubadilisha lenzi ungepuliza kwa kile kipuliza cha mpira yakaisha, hizi ndogo hapana. Shangazi akasema kadoa kadogo hivyo si ungevumilia tu mwanangu wamekutengenezea bure. Ndivyo tulivyolelewa, cha bure hakikaguliwi. Mimi nikaona kwamba walichoahidi ni kamera nzima, na gauni jeupe la bibi harusi lenye kidoa kwenye kila picha mteja hatajali kwamba sensa nilipewa bure. Tukaandika tena, adabu ileile, namba ya kazi ya mwanzo, picha ya ukuta mweupe. Wakatuma lebo nyingine bila ubishi. Iliporudi ukuta ulikuwa mweupe, na shangazi akaja nayo Krismasi.

Nauli ya begi la shemeji na vocha ndiyo gharama yangu yote. Ila kuna wateja niliwapoteza katikati, miezi ile nilikuwa nakodi kamera ya mtu na faida yote inaishia kwake, hilo nalo ni gharama hata kama halimo kwenye karatasi ya kampuni.

Sasa isije ikaonekana kampuni hizi ni za sadaka. Mwenzangu mmoja aliipeleka yake baadaye, alikuwa anapiga picha Bagamoyo ufukweni, lenzi ikaanza kukwama nusu njia na kulia kama inatafuna kitu. Akaniambia na mimi nataka ya bure kama yako. Nikamwuliza umekuta tangazo? Hakuna. Kuna wengine wa modeli hiyo wanalia hivyohivyo? Hakuna. Akapeleka kwa njia yake. Wakaifungua wakakuta mchanga kwenye vigia vya lenzi na kutu ya chumvi, wakamwandikia kwamba hilo ni la mtumiaji, bei ya kutengeneza ikazidi thamani ya kamera, na akitaka irudishwe kama ilivyo alipie posta. Kiwanda kinakubali kosa la kiwanda tu. Mchanga, maji, kuanguka, ukungu ndani ya vioo vya lenzi, haya ni yako. Na ukungu kwetu pwani ni adui kweli, lenzi ikikaa kwenye begi la ngozi kabatini miezi unaikuta imeota utando kama wa buibui. Weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, au itumie tu mara kwa mara ipate hewa na mwanga.

Na usidhani mambo ya matangazo yaliisha na CCD. Nikon D600 ilitoka 2012, watu wakaona madoa kwenye picha zao, kwenye sensa yanajirudia hata baada ya kusafishwa, kelele zikawa nyingi, na Februari 2014 kampuni ikatangaza kwamba itakagua, kusafisha na kubadilisha shata, kile kipazia kinachofunguka mbele ya sensa ukipiga picha, bure, hata kwa waliopitwa na waranti. Waliokuwa wamenunua mtumba nao walikuwa wanauliza kwa namba ya mashine. Hata kampuni ikiacha biashara, ahadi zinaweza kuhamia kwa mwingine, Konica Minolta walipotangaza Januari 2006 kwamba wanaachana na kamera, huduma kwa wateja wao ilikabidhiwa Sony. Kwa hiyo mtu akikwambia kampuni hiyo haipo tena usiamini mpaka utafute mwenyewe.

Siku hizi imekuwa rahisi zaidi, tovuti nyingi zina sehemu ya kuingiza namba ya mashine inakujibu hapohapo. Ila kuna mtego mpya, kamera nyingi zinazouzwa mjini zimepitia Dubai au Hong Kong, na waranti nyingi zinafungwa kwa eneo, ya Dubai inaheshimiwa Dubai. Ukinunua muulize muuzaji waranti ni ya wapi, sio ni ya muda gani. Akisema "ni ya hapa dukani" ujue unanunua uaminifu wa huyo jamaa, na wengine ni waaminifu kweli, lakini ijue hivyo na bei iwe hivyo. Na ukituma nje kwa kampuni ya vifurushi badala ya mkono wa ndugu, pita forodha ujulishe kabla haijatoka, upate karatasi yenye namba ya mashine kwamba inatoka kwa matengenezo na itarudi, bila hiyo siku inarudi itahesabiwa kama mzigo mpya na utaanza kubishana pale airport kuhusu kamera uliyokuwa nayo miaka.

Yangu ilipiga kazi mpaka megapikseli 4 zikaanza kuwa aibu mbele ya simu za wateja, nikampa mdogo wangu. Juzi juzi jirani kaletewa boksi la vitu vya marehemu baba yake, mna kamera ya enzi zilezile, kaiwasha ni zambarau tupu na mistari. Kaja mbio, kasikia mimi nina njia ya kiwandani. Nikaitazama chini, modeli imo kwenye orodha kabisa. Lakini kampuni haziweki spea milele, modeli ikishaacha kutengenezwa wanahesabu miaka kadhaa halafu wanafunga, na kwa kamera hiyo muda ulishapita kitambo. Tukatoa memori kadi, picha za mzee zilikuwemo zote, tukazihamishia kwenye simu yake, kamera akairudisha kwenye boksi.